Furaha ya Dozi Ndogo

Jumatatu, 3 Machi

Nyumbani! Kitanda changu, pazia langu lenye tundu, mlango wa chuma niliouchomelea kwa mikono yangu na ambao bado unakwama. Na katikati ya kitanda, kama mwenye nyumba — yeye. Kilo nne na nusu. Nesi wa wodini alimwita kifurushi na jina limeganda. Kifurushi. Jina la cheti litapatikana baba yake na bibi yake wakimaliza kuvutana.

Siwezi kuandika mengi. Nilivuja damu wakati wa kujifungua hadi kila kitu kikawa cheupe — ukuta, shuka, uso wa daktari. Wamenitia damu za watu nisiowajua, Mungu awazidishie. Mume wangu ni kinyozi, ananyoa vichwa vya mtaa mzima kwa wembe bila mkono kutikisika. Alizirai koridoni. Walimlaza kwenye benchi wakampepea kwa faili langu.

Nipo. Yupo. Tupo!

Jumatano, 5 Machi

Maziwa hayajaja. Mama mkwe amehamia kwetu na sufuria zake mwenyewe, eti zangu ni nyepesi. Anasema mtoto wa kwanza maziwa hujivuta, ninywe supu. Nakunywa supu. Kifurushi anavuta, anavuta, kisha ananitazama kama mteja aliyefungua bomba akakuta hewa. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Tukampa ya kopo. Akamaliza chupa, akacheua, akalala. Hana kinyongo.

Jumatatu, 10 Machi

Hili lazima niliandike. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka kumi na sita, kile cha kuchoma insulini kila siku au uage dunia. Kabla ya mimba nilikuwa nachoma yuniti arobaini kwa siku. Mimba ilipokua, tisini — tumbo likawa na vitobo kama chekecheo. Leo? Ishirini na nne! Nikizidisha kidogo tu, sukari inashuka na mikono inacheza.

Nilipiga simu kliniki. Nesi akasema ni kawaida, mtoto akishatoka dawa hushuka, nipunguze polepole na nipime mara kwa mara. Kawaida! Kinyozi amechora mshale wa kwenda chini kwenye kioo cha bafu, kwa povu la kunyolea.

Jumamosi, 22 Machi

Kumi na nne!!

Hata nilipogundulika, msichana mwembamba wa sekondari, sikuwa nachoma kidogo namna hii. Nimepima mara tatu nikidhani mashine imeharibika. Nikampima na Kinyozi, akapiga kelele kama mtoto, yake iko sawa. Mashine ni nzima. Ni mimi!

Mama mkwe alikuja kuuliza tunachekea nini. Nikamwonyesha. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafuta macho kwa khanga, akasema supu yake haijawahi kumwangusha mtu. Kinyozi anadai ni nyimbo anazomwimbia mtoto. Mimi nasema ni Kifurushi — amekaa miezi tisa tumboni, akaona mambo yalivyo, akatengeneza, akatoka.

Ni ujinga, najua. Lakini ni miaka kumi na nane ya sindano. Acha niwe mjinga kidogo.

Alhamisi, 3 Aprili

Neema zimeanza kuja kwa makundi. Sukari ni hiyo, yuniti kumi na moja. Halafu: nywele za kwapa nilizonyoa kabla ya kwenda kujifungua hazijarudi kabisa. Kwapa laini kama shavu la Kifurushi. Nimestaafu wembe! Hedhi nayo haina habari na mimi. Njaa hakuna, nguo za zamani zinapita bila kuvuta pumzi. Na nalala! Mchana kweupe, nimejifunika mablanketi mawili wakati wenzangu wanajipepea. Raha tupu.

Cheche alikuja kumwona mtoto. Tumechomelea pamoja miaka saba, mageti, grili, ngazi za kuzunguka, na bado anavaa ngao ya uso kama kofia hata akija kwa watu. Ameleta kitanda cha mtoto cha mabomba ambacho tembo angelalia. Nikamsimulia habari za sukari, nikaruka ruka, ikabidi nishike ukuta maana chumba kilizunguka. Hakucheka. Alinikagua kama anavyokagua ungio lililochomelewa na mtu mwingine, akasema rangi yangu imekuwa ya nondo iliyopigwa msasa. Nikamwambia aende akaoshe macho.

Maziwa: bado. Namweka kifuani kila asubuhi hata hivyo, kabla hajaona chupa. Ni siri yetu.

Jumapili, 13 Aprili

Yuniti nane. Nane!

Mama mkwe ametangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mkwe wangu amepona kisukari. Ameweka na picha yangu nimefumba macho. Simu imelia mpaka ikawa moto. Shangazi ambao sijawahi kuwaona wananiuliza kiasi cha tangawizi kwenye supu. Na ameshapanga: mwanzoni mwa Mei waje wote, tukae, tule, nisimame niwaambie kwa mdomo wangu. Nikamwambia mama, ngoja kwanza nifike sifuri. Akasema utakuwa umeshafika.

Sifuri. Nimelitamka neno hilo bafuni peke yangu kama jina la mpenzi.

Jumanne, 15 Aprili

Nilipanga kwenda karakana kusalimia tu. Nikafika kwenye kona, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Nikarudi. Uchovu wa uzazi, huo.

Yuniti sita.

Ijumaa, 18 Aprili

Hii naandika kwa kusimuliwa, maana mimi sikuwepo. Yaani nilikuwepo. Mwili ulikuwepo.

Asubuhi nilikuwa namwogesha Kifurushi kwenye beseni sebuleni, Mama mkwe amekaa pembeni na taulo. Nikaanza kucheka. Yeye naye akacheka, maana kicheko changu siku hizi hakihitaji sababu. Nikamwambia mtoto kuwa bawaba zake zimekaa vizuri, hazitalia. Akacheka tena. Kisha nikawa namwagia maji goti langu, siyo mtoto, namwagia na kulisugua, nikilisifu. Mtoto nimemshika kwa mkono mmoja, na ule mkono ulikuwa unalegea.

Hapo ndipo akaona macho yangu hayachekei kitu. Akanipokonya mtoto majini. Anasema nilimng'ang'ania, nikamwita mwizi, huku bado nacheka. Akamlaza mtoto mkekani akilia, akachota sukari kwenye kopo la chai, akaniziba pua ili nifungue mdomo, akanipaka kwenye fizi kwa kidole. Nilimuuma. Kidole kimefungwa kitambaa.

Nilipozinduka, kipimo kilisoma 1.9, wakati chini ya nne tayari ni hatari. Na hiyo ni baada ya sukari!

Kinyozi alikuja mbio na aproni ya kazini, nywele za mteja bado ziko begani. Alikuwa anamtazama mtoto, ananitazama mimi, hajui amshike nani. Nikamwambia nimepona tu kupita kiasi. Nilitaka acheke. Mama mkwe ndiye aliyejibu, akitazama kidole chake.

"Mwanangu, ile haikuwa furaha."

Hajawahi kunisema tangu niolewe. Nimekuwa nikiirudia kichwani mchana kutwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kliniki. Nesi aliona karatasi ya dozi zangu akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna, akanipeleka moja kwa moja kwa daktari wa homoni. Mama mfupi, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni. Nilimwendea kwa tabasamu: daktari, mimi ndiye mgonjwa wako aliyepona!

Hakusema sivyo. Aliuliza tu. Maziwa yalitoka? Hapana. Hata tone? Hapana. Hedhi? Nikamwambia iko likizo. Njaa? Baridi? Ukisimama ghafla? Nywele za kwapani? Nilimjibu kwa mbwembwe, zawadi baada ya zawadi, na kila moja aliipokea kama polisi anayeandika vitu vilivyoibwa. Mwisho akauliza nilivuja damu kiasi gani. Kinyozi alijibu badala yangu. Sikujua kama alikuwa anakumbuka hivyo. Alisema ndoo, kisha akatazama sakafu.

Daktari akavaa miwani. Ningekuwa mama anayenyonyesha, alisema, dozi hiyo ndogo angeielewa kiasi, maana kunyonyesha hushusha sukari. Lakini kisukari changu hakiponi kwa supu wala kwa mtoto, na mtu akishuka kutoka arobaini hadi sita lazima kuna mahali pamebomoka. Akachukua damu. Keshokutwa nirudi asubuhi kwa kipimo kirefu. Insulini nisiache hata siku moja, lakini nisizidishe hiyo sita, na nisimwogeshe mtoto peke yangu.

Njiani Kinyozi alinishika mkono kama mzee anavyovushwa barabara. Mshale wa kwenye kioo cha bafu umefutwa. Sijui nani kaufuta.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimejifunza neno jipya: pituitari.

Kwanza kipimo chenyewe. Waliniweka kwenye kiti cha kuegama, wakaacha mrija kwenye mshipa ili wasinichome upya kila mara. Daktari akaeleza: chini kabisa ya ubongo kuna tezi, ndiyo hiyo pituitari, ukubwa wa njegere. Ndiyo inayotuma maagizo kwa tezi nyingine zote — toa maziwa, leta hedhi, pasha mwili moto, amsha zile tezi zilizo juu ya figo. Leo tunaichokoza kwa sindano, kisha tunachota damu kila baada ya muda tuone kama inajibu.

Sindano ilipoingia, uso ukawaka, mkojo ukanibana kama nimekunywa pipa, na mdomoni ikaja ladha ya chuma. Nikamwambia daktari hiyo ladha naifahamu, ni ya ofisini kwangu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha tukakaa. Wanachota, tunakaa. Wanachota, tunakaa. Nilikuwa naisemesha kimoyomoyo. Wewe njegere, jibu. Unaitwa. Usinitie aibu mbele za watu.

Walipomaliza, daktari alivuta kiti karibu. Majibu yote yatachukua siku, lakini damu ya juzi inatosha yeye kutosubiri. Mimba huikuza ile tezi, ikataka damu nyingi kuliko kawaida. Damu ikikatika ghafla, inakufa njaa. Na mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi kama mimi, mishipa yake midogo huenda haikuwa imara tangu mwanzo. Halafu akafika penyewe. Mwili mzima una vitu vinavyopandisha sukari na insulini inayoishusha. Wawili kati ya wapandishaji wakubwa wanaamrishwa na hiyo njegere. Ikinyamaza, insulini inabaki peke yake.

"Ugonjwa wako haujapona," akasema. "Kilichokufa ni kile kilichokuwa kinabishana na dawa yako."

Nilicheka. Kweli nilicheka, na sukari ilikuwa 5.8, nilikuwa nimepima, kwa hiyo kicheko kilikuwa changu. Kisha kikageuka kilio, Kinyozi akanipa kitambaa chake cha kufutia wembe.

Nimepewa vidonge. Ni vya kuziba pengo la zile tezi za juu ya figo, ambazo agizo lao halitumwi tena. Nimemeza cha kwanza hapo hapo mbele yake. Amesema sukari itapanda, nisiogope, niongeze insulini kama alivyoandika. Na vidonge hivi haviachwi, hata siku moja, hata nikijisikia simba.

Jumatatu, 28 Aprili

Simba!

Nimeamka kabla ya mtoto. Nimekula mayai matatu na mkate, nikatazama sahani ya Kinyozi, akaisogeza. Nimefua. Nimetupa blanketi moja. Nimepanda kwenye kiti nikapaka grisi bawaba za mlango wangu — haukwami tena, miaka yote hiyo ilikuwa ni grisi tu!

Na sukari? 14.2! Nilikimbia jikoni na mashine mkononi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama mkwe akashika kichwa. Nikamweleza: mama, inapanda maana mapambano yamerudi, kuna mtu upande wa pili. Akauliza kwa hiyo tushangilie ugonjwa. Nikasema ndiyo! Akageukia sufuria yake, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa siri, kama msichana.

Yuniti ishirini na mbili. Tumbo langu lina vitobo vipya. Karibuni nyumbani.

Jumatano, 30 Aprili

Majibu. Nilienda peke yangu, Kinyozi ana wateja na nilitaka kuonyesha kuwa naweza.

Tezi haikujibu. Daktari aligeuza karatasi nione mstari — sindano ilipoingia, homoni ya maziwa ilipaswa kuruka juu kama ngazi. Wangu umelala chali kama barabara. Na ile ya hedhi imenyanyuka kidogo sana, kama mtu anayeitikia huku usingizi umemshika.

Maziwa hayatakuja. Alilisema polepole, nadhani alishajua kuwa bado namweka mtoto kifuani kila asubuhi. Sijui amejuaje. Kuhusu mtoto mwingine, hakufunga mlango: inawezekana, kwa sindano nyingine, wataalamu wengine, muda mwingi, na bila ahadi. Kuna kidonge cha pili cha kuongeza, cha tezi ya shingoni. Vyote vya maisha.

Nikamuuliza swali langu. Zile wiki zote, nilipokuwa naruka ruka na kucheka — ilikuwa mimi au ilikuwa sukari imeshuka? Na sasa, huku kuwa simba? Akavua miwani kwanza. Akasema sukari ikishuka hulevya, na hivi vidonge navyo mwanzoni huweza kumchangamsha mtu kupita kiasi. Lakini kidonge hakichagui mtu acheke nini.

Nimetembea nyumbani kwa miguu. Njia nzima! Nimepita mbele ya duka la Kinyozi, nimemwona kwa kioo amemshika mtu kichwa, amekitega kwenye mwanga. Juzi alisema Kifurushi akipata mdogo wake tutabomoa ule ukuta tuongeze chumba. Sikuingia. Nilimpungia mkono. Alinipungia kwa mkasi.

Sijamwambia hilo la mtoto mwingine.

Ijumaa, 2 Mei

Cheche amepiga simu kuuliza rangi yangu ikoje. Nikamwambia ya bati jipya. Anasema kuna geti kubwa la mwezi ujao, mimi ndiye wa kupinda lile ua la nakshi la juu, yeye mikono yake ni ya kupinda misumari.

Leo sikumweka Kifurushi kifuani. Nilimpa chupa moja kwa moja. Alishika kidole changu chote kwa mkono wake, akanywa, hakutafuta.

Yuniti thelathini.

Jumapili, 4 Mei

Ndugu wa WhatsApp wamekuja. Wote! Mama mkwe hakuweza kuwarudisha, amesema huwezi kuwaalika watu kwa furaha ukawafukuza kwa simu. Sebule imejaa mpaka mlangoni. Shangazi wawili wamekalia kile kitanda cha mabomba na hakijalia hata kidogo. Kifurushi anapita mkono kwa mkono kama sahani ya karanga.

Mimi niko chumbani. Nimekuja kuchoma sindano ya chakula cha mchana na sijatoka. Kipimo 11.6. Nimechoma, nimefuta, nimekaa. Nasikia vicheko ukutani na mimi mwenyewe nataka kucheka, halafu nataka kumwita Kinyozi nimwambie lile la ukuta na chumba, sasa hivi, watu wakiwa tele. Kichaa.

Mama mkwe ameingia bila kubisha. Ameona sindano juu ya shuka. Kidole chake kimebaki na kovu la meno yangu. Akafunga mlango nyuma yake akaniuliza kwa sauti ndogo awaambie nini, maana wanasubiri, na shangazi mkubwa ameshaanza kufungua kinywa kwa wimbo. Nikamwambia awaambie sukari imerudi. Akauliza nani anayefanyiwa karamu kwa hilo. Nikasema mimi. Akanitazama sana. Nadhani alikuwa anakagua macho, kama yanacheka au hayacheki.

"Na mengine?" akauliza.

Sikujua anajua mengine. Nikatikisa kichwa, asiyaseme. Akanirekebisha kola ya gauni, akatoka.

Kinyozi amekuja baada yake. Amekaa kitandani pembeni yangu, ameshika kile kifuniko cha sindano anakizungusha. Anaona naandika, hasomi. Nimemwambia kuna jambo. Amesema, sema. Nimesema ngoja nimalize sentensi hii.

Huko sebuleni vicheko vimenyamaza. Mama mkwe amesimama, nasikia viatu vyake. Ndugu zangu, amesema, mkwe wangu —

Amekwama. Mtoto amelia kidogo, mtu amembembeleza.

Kinyozi ameweka kifuniko chini. Sentensi imeisha, nafunga daftari nimwambie lile la ukuta na chumba.